Springi Laini

Hakuna aliyekumbuka nani alimpa jina la Taratibu, hata yeye mwenyewe. Wengine walidhani ni kwa sababu ya mwendo wake, maana alitembea kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto. Ukweli ni kwamba neno lenyewe alikuwa nalo mdomoni siku zote. Akimaliza gari, akishuka na kumrudishia mwenyewe funguo, hakusema kwaheri wala karibu tena. Alisema, "Taratibu." Neno likamganda, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu.

Gereji yake ilikuwa banda la bati pembeni, pale mtaa unapoungana na barabara kuu na mlima kuanza. Kila lori lililotoka mjini lilibadilisha gia mbele ya mlango wake, na yeye, akiwa chali chini ya gari la mtu, aliweza kusema lori lile limebeba nini na dereva wake ameamkaje. Ng'ambo ya barabara alikaa mziba pancha, mtu wa maneno mengi, ambaye ndiye aliyekuwa redio ya gereji.

Kasoro ya Taratibu ilikuwa moja na mtaa mzima uliijua: kinywa chake hakikuumbwa na neno hapana. Mkewe alikuwa akisema kwamba mume wake angeombwa kivuli chake saa sita mchana angekitoa, kisha angeingia chini ya gari kujificha jua. Mteja akidai breki zibanwe kwa namna isiyofaa, Taratibu aliitikia, "Sawa, hakuna tabu," halafu akazibana inavyofaa. Hakubishana na mtu. Alikubali kwa mdomo na kukataa kwa spana, na kwa kuwa magari yalitoka mazima, watu waliona ndiyo busara yake.

Kutokana na tabia hiyo ilizaliwa dawa ya Taratibu.

Ilianza na fundi cherehani, mjane wa nyumba ya tatu kutoka gereji. Mwanawe wa pekee alikuwa amenunua gari dogo na kulikimbiza kama anafukuzwa na nyuki. Mama mtu akaja gerejini asubuhi moja, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akasema: mimi siwezi kumkataza, kashakuwa mwanaume, ananijibu, lakini wewe gari lake linalala mikononi mwako. Taratibu hakusema ndiyo wala siyo. Gari lilipokuja kubadilishwa mafuta, alifunga skrubu fupi chini ya pedeli ya mafuta, ndani kabisa, akaifunika na zulia. Tangu siku hiyo mguu wa kijana ulikoma kabla haujafika sakafuni. Kijana alipolalamika kwamba gari limekuwa zito, Taratibu alimwambia injini nazo huzeeka kama watu. Yule kijana akaoa, akaota kitambi, akapata watoto. Wanawake wa mtaa wakanong'onezana, mmoja baada ya mwingine wakaja, na skrubu zikaingia chini ya mazulia ya magari mengi kuliko alivyoweza kukumbuka. Kwa kazi hiyo hakupokea kitu. Aliihesabu miongoni mwa mema yake.

Binti yake aliijua siri hiyo tangu mdogo. Alikulia kwenye kiti kibovu cha gari kilichowekwa ukutani mwa gereji, akiandika kazi za shule kwa mkono mmoja na kumshikia baba tochi kwa mkono wa pili. Alipokuwa mkubwa aliolewa na daktari wa meno.

Na hapa ndipo shida ilipoingia, maana daktari wa meno hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono misafi na sauti ya chini, aliyezoea kuzungumza na watu walioachama midomo kwa hofu. Alimheshimu baba mkwe wake kupita kiasi, na baba mkwe naye akamheshimu vivyo hivyo. Wakiwa pamoja walikuwa kama watu wawili wanaovusha kioo kikubwa barabarani: kila mmoja anasubiri hatua ya mwenzake, na hakuna anayethubutu kupiga chafya. Tangu arusi hawakuwahi kutofautiana hata juu ya hali ya hewa.

Daktari alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni pikapu yake. Ilikuwa nyeusi, ya milango minne, injini ya silinda nane, gari lililotoka kiwandani likiwa tayari lina mbio za kutosha kumtia mtu kaburini. Mwenyewe aliona bado. Akaagiza seti ya tabo kutoka mbali, akaisubiri kama mzazi anavyosubiri majibu ya mtihani, na boksi lilipofika akalileta gerejini.

Alilifungua polepole, akavipanga vitu vyake juu ya benchi kimoja kimoja. Tabo yenyewe ilikuwa kama konokono wa chuma, baridi na mzito. Taratibu aliijua kazi yake: moshi unaotoka kwenye injini, badala ya kupotea bure, unazungusha gurudumu dogo ndani ya konokono, gurudumu linasukuma hewa irudi kwenye injini, hewa ikizidi na mafuta yanazidi, na nguvu inazidi. Kulikuwa na mabomba, na kipoozeo cha hewa, na kikompyuta kidogo kilichokwisha pangwa huko kilikotoka. Na kulikuwa na vali ya kupunguzia, yenye springi mbili za kuchagua. Ukifunga springi laini, vali inafunguka mapema, moshi wa ziada unatoroka na tabo inachoka njiani. Ukifunga springi ngumu, vali inashikilia mpaka mwisho. Karatasi ya muuzaji ilisema kwamba kwa springi ngumu gari litapata karibu nusu ya nguvu zake juu ya zile lilizonazo. Daktari aliisoma karatasi ile kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Baba," alisema, "kama hutakuwa na shida, na kama nafasi itapatikana, na kama unaona inafaa..."

"Hakuna tabu," alisema Taratibu.

Mziba pancha alivuka barabara kuja kushuhudia. "Huyu bwana," alisema, "mchana kutwa anang'oa meno ya watu. Jioni sasa anataka kung'oa lami." Daktari alicheka kwa adabu. Taratibu naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye kiti cha nyuma cha pikapu, ambako kiti kidogo cha mtoto kilikuwa kimefungwa kwa mkanda.

Mkewe aliijua habari kabla Taratibu hajafika nyumbani. Alimkuta anakunja nguo, na aliendelea kukunja, kila shati likipigwa kofi kabla ya kulazwa.

"Umekubali," alisema.

"Angekwenda kwa mwingine."

"Mwanangu anakaa humo. Mjukuu wangu anakaa humo." Alikunja shati jingine. "Wanawake wote wa mtaa huu umewafanyia. Mimi ni mwanamke wa mtaa gani?"

Taratibu alimweleza kwamba skrubu haitafaa. Daktari alilijua gari lake kama anavyojua kinywa cha mgonjwa wake. Pedeli ikipungua hata upana wa kucha angeuliza siku hiyohiyo. Mkewe akasema yeye hajui mambo ya pedeli, anajua mambo ya mtoto wake. Wakala. Ni wakati ananawa mikono ndipo Taratibu alipoikumbuka springi laini. Pedeli mkwe aliijua, lakini tabo hakuwahi kuwa nayo. Atalinganisha na nini?

Akaifanya kazi ile kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutumia kwa gari lolote, kana kwamba uangalifu ungefuta kile alichokusudia. Kila mdomo wa bomba uliobaki wazi aliuziba kwa kitambaa, na kila kitambaa alikifunga uzi mwekundu ulioning'inia nje, asije akakisahau ndani kikamezwa na injini. Alimimina mafuta ndani ya konokono kabla ya kumfunga, akaizungusha injini bila moto mpaka mafuta yakafika yanakotakiwa. Aligusa kila bolti mara ya pili. Na kwenye vali akaweka springi laini. Ile ngumu akaizungushia karatasi yenye grisi na kuiweka kwenye droo, chini ya misumeno.

Daktari alikuja akitokea kliniki, bado ananuka dawa. Akainama, akatazama, akasifu. Kisha akauliza lile ambalo Taratibu alikuwa akiomba asiulizwe. "Umeweka ile ngumu, baba?"

"Kila kitu kiko mahali pake," alisema Taratibu.

Gereji ile ilikuwa na desturi yake: aliyefunga hupanda. Kitu kikubwa kikifungwa, fundi hukaa kiti cha abiria safari ya kwanza, ili kama ni kufa wafe wote. Basi alipanda. Kwenye mlima tabo iliamka na kupiga mluzi, mwembamba kwanza, kisha ukapanda pamoja na gari, na mgongo wa Taratibu ukagandamizwa kwenye kiti. Hata kwa springi laini gari lilikwenda. Daktari alicheka kama mtoto, kicheko ambacho baba mkwe wake hakuwahi kukisikia. Aliyepewa mluzi haulizi nguvu. Juu ya mlima Taratibu alimfundisha asubiri kidogo kabla ya kuzima, injini ingurume yenyewe mpaka tabo ipoe, na daktari aliitikia kwa kichwa, kwa utiifu. Akasema ataagiza na saa ya presha, ile ya kuonyesha nguvu ya tabo, aifunge kwenye dashibodi. Taratibu akasema ni wazo zuri.

Kwa muda alilala vizuri. Mkewe akarudi kuimba jikoni. Pikapu ilipopita mbele ya gereji mluzi uliitangulia, na mziba pancha alipiga saluti kwa tairi. Saa ya presha ilichelewa kufika, na Taratibu, aliyekuwa hamwombei mtu mabaya, aliiombea ipotee njiani.

Halafu binti yake akaja kwa miguu. Alikuwa na mtoto kiunoni, na alivuka barabara kwa kutazama kushoto na kulia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akaketi kwenye kiti chake cha zamani cha ukutani. Taratibu alifuta mikono, akamchukua mjukuu, akauliza gari liko wapi.

"Nyumbani. Kioo cha pembeni kimevunjika."

Akamsimulia. Walikuwa wanatoka kwa wazazi wa mumewe, kwenye ile barabara ya milimani, nyuma ya lori la mbao. Walilifuata muda mrefu. Mumewe hakuwa na haraka. Alisubiri mpaka barabara ikanyooka, akaona basi linakuja kwa mbali, akapima. "Yeye si mtu wa kukurupuka, baba, unamjua. Alipima. Alisema kwa sauti kabisa, nafasi ipo, akatoka. Akakanyaga mpaka mwisho. Gari liliitika, mluzi nikausikia. Lakini pale ambapo lingekuja, halikuja." Alitazama mikono yake. "Likaenda sambamba na lori, na basi linatujia, na mimi nimegeuka nyuma namwangalia mtoto. Yule wa lori ndiye aliyetuokoa. Alikanyaga breki mbao zikalia, tukapenya. Basi likaondoka na kioo."

Lori lilipita mlimani nje na kubadilisha gia. Taratibu hakusikia limebeba nini.

"Anasema kosa ni lake," binti aliendelea. "Anasema alichelewa kukanyaga. Asubuhi yake aliwarudisha wagonjwa, mkono ulikuwa unatetemeka. Usiku anahesabu. Nusu ya nguvu juu, anasema, karatasi inasema nusu ya nguvu juu, basi ilitakiwa itoshe. Jumamosi tunarudi kule kumchukua mama yake aje hospitali. Kagua, baba. Labda kuna bomba limelegea."

"Nitakagua."

Alimtazama baba yake usoni. Mkono wake ulikuwa umekaa kama zamani, vidole vimekunjwa kana kwamba vimeshika tochi. "Hujaweka skrubu?"

"Sijaweka skrubu," alisema Taratibu, na ilikuwa kweli.

Watu husema majuto ni mjukuu. Wake alikuwa mapajani mwake, anamvuta ndevu.

Jioni alimwambia mkewe. Alitegemea kilio, au lawama. Mama wa watu alikaa chini kwenye ukingo wa kitanda, mikono katikati ya magoti, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyekutuma." Baadaye kidogo akainua kichwa, na Taratibu akajua amepata njia, kwa sababu njia hiyohiyo alikuwa ameipata yeye mapema, akiwa bado anamwangalia binti anavuka barabara kurudi kwake. Abadilishe springi kimyakimya. Aseme tu kwamba bomba lilikuwa limelegea. Gari litapata nguvu zake, daktari atapona mkono, saa ya presha ikija itasoma vizuri, na hakuna atakayejua.

"Nani atajua?" aliuliza mkewe.

Taratibu aliinama kuvua viatu. Alikuwa anafikiria lile tendo la kutoka nyuma ya lori. Siku zote alikuwa ameliona gari zito kama gari salama. Mtu akiwa na nguvu kidogo, alidhani, atafanya kidogo. Hakuwahi kumfikiria mtu mwangalifu. Mtu mzembe hapimi, yeye hutoka tu, na huyo skrubu ilimfaa. Lakini aliyepima kwa makini, akaamini kipimo chake, huyo ndiye ambaye Taratibu alimtegea shimo. Na barabarani kulikuwa na wangapi wa namna hiyo, waliokuwa wazembe wakati mama zao walipokuja kunong'ona, ambao sasa ni watu wazima wenye watoto kiti cha nyuma, wanapima nafasi kwa gari wasilolijua?

Alikumbana na wa kwanza wao siku iliyofuata. Mtoto wa fundi cherehani, kitambi mbele, alileta gari lilelile dogo, limebadilishwa kila kitu ila jina. Mama yake alikwisha fariki. Taratibu alitengeneza breki, kisha akainua zulia. Skrubu ilikuwa pale, imeshika kutu, kichwa chake kimeng'aa mahali ambapo mguu wa mtu uliigonga miaka yote hiyo. Akaifungua kwa taabu, akampelekea kwenye kiganja.

"Hii ilikuwa chini ya pedeli yako," alisema. "Niliiweka mimi. Aliniomba mama yako."

Yule mtu alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaacha kucheka. Aliigeuza skrubu, akaitazama juu na chini, akauliza ni tangu lini, na Taratibu akamwambia. Akakaa kwenye kiti kibovu cha ukutani kama mtu aliyeletewa barua na marehemu. Alipoinuka, alimnyooshea Taratibu skrubu.

"Irudishe, fundi."

"Ndiyo nakwambia, ina hatari. Ukitaka kulipita lori..."

"Sasa si najua ipo? Irudishe. Ameniwekea mama."

Taratibu akairudisha. Jambo hilo lilimpa moyo, na baadaye aliona afadhali lisingempa. Alipompigia mkwe wake simu kumwomba aje, alikuwa ameanza kufikiri kwamba labda ukweli ni mwepesi kuliko unavyoonekana, na kwamba watu huupokea wakiwa na machozi kidogo na kusema irudishe.

Daktari alikuja Ijumaa kabla jua halijashuka. Mahali pa kioo cha pembeni palikuwa pamefungwa kwa utepe wa gundi. Aliizima injini kama alivyofundishwa, baada ya kuiacha ingurume, akashuka, akainamisha kichwa. Aliomba radhi kwa kioo. Aliomba radhi kwa kumpa mzee kazi juu ya kazi. Akasema kosa ni lake, lakini kama baba ataona vyema kukagua mabomba atashukuru.

Taratibu alikuwa ametandika kitambaa safi juu ya benchi. Juu yake ilikuwa springi, imefutwa grisi.

"Hii ndiyo uliyoniuliza," alisema. "Ile ngumu. Sikuifunga."

Daktari aliitazama. Hakuigusa.

"Nilifunga laini. Ulipoulizia nikakujibu maneno ya kuzunguka. Mguu wako haukuchelewa. Ulipima vizuri, na gari ndilo halikuwa lile ulilopimia."

Ng'ambo, mziba pancha alikuwa anapiga tairi nyundo. Alipiga muda mrefu. Daktari alitoa kitambaa mfukoni, akajifuta viganja ambavyo havikuwa na uchafu, akakirudisha.

"Kwa nini hukukataa tu?" aliuliza.

"Wewe ni mkwe wangu."

"Na ningekuwa mwanao wa kuzaa?"

Taratibu alitaka kutafuta moja ya majibu yake ya kuzunguka, na akaona yameisha. "Ningekukatalia. Ungenuna, tungegombana hapa hapa, ungekwenda kwa fundi mwingine. Lakini ungejua unaendesha nini."

"Mimi mgonjwa akiniuliza kama itauma," alisema daktari, "namwambia itauma." Sauti yake ilikuwa ileile ya chini, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Naye hushika kiti. Kila mmoja, baba, akijua itauma, anashika kiti. Mimi nilikuwa na mke wangu na mtoto wangu na sikujua kama kuna cha kushika."

Taratibu aliinamisha kichwa. Hakujitetea. Wala hakumtaja mkewe.

"Basi ifunge sasa," alisema daktari. "Kabla ya kesho. Ifunge nikiwa naangalia."

Ilikuwa haki yake. Gari lake, springi yake, karatasi yake. Taratibu alinyoosha mkono kuichukua springi, kama alivyonyoosha maisha yake yote kila alipoombwa, na mkono ukafika juu ya kitambaa, ukasimama. Sauti iliyotoka haikuwa kali. Ilikuwa ya mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Hapana."

Daktari aliinua macho.

"Nikitakiwa kuitoa tabo yote nitaitoa, gari lirudi lilivyotoka kiwandani. Hata leo, hata sasa hivi. Lakini hii siifungi. Gari lina nguvu za kutosha kumuua mwanangu, sitaziongeza kwa mkono wangu. Ulitakiwa ulisikie hilo siku ile ya boksi."

Hapo kioo walichokuwa wamekibeba tangu arusi kilianguka, na wote wawili wakasimama wakikitazama kilipoangukia. Daktari alikuwa amekunja uso, na Taratibu, aliyekuwa hajawahi kuuona uso ule umekunjwa, aliona jinsi ulivyokuwa wa kijana. Daktari aliichukua springi. Akaitia kwenye mfuko wa shati, pamoja na kalamu zake. Akasema kuna mafundi wengine. Taratibu akasema wapo, na wengine ni wazuri. Akaongeza kwamba kwa ilivyo sasa asijaribu kupita kitu chochote mlimani, ahesabu gari kama lilivyokuwa kabla ya boksi na kidogo tu juu yake. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema asante baba. Alipanda, akawasha, akaondoka bila kusubiri, na kwa mara ya kwanza katika miaka ya kazi yake Taratibu alimwacha mtu aondoke bila kumwambia neno lake.

Mziba pancha alikuwa amesimama ukingoni, nyundo mkononi. "Mkwe kanuna leo?"

"Kanuna."

"Afadhali. Alikuwa na adabu za kutisha."

Taratibu hakucheka. Alikuwa anasikiliza. Pikapu iliingia barabara kuu na kuanza mlima, na mbele yake, Taratibu akisikia bila kuona, lilikuwepo lori, zito, linakwenda kwa gia ya chini, saruji au nondo. Pikapu ililifikia. Ikakaa nyuma yake. Halafu mluzi ukaanza, mwembamba, ukapanda, na Taratibu akajikuta ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Kule mlimani kulikuwa na kona, na baada ya kona kipande kilichonyooka, na mtu mwenye hasira na mguu mzuri angeweza kuona nafasi ipo.

Mluzi ulipanda mpaka mahali fulani. Ukakaa hapo. Kisha ukashuka, polepole, ukazama ndani ya mngurumo wa lori, na magari mawili yakaendelea kupanda, moja nyuma ya jingine, kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Alisimama kusikiliza mpaka sauti zote mbili zikavuka kilele na kumpotea. Hakujua kilichomshusha mguu mkwe wake, kama ni woga, au ni hesabu, au ni mkono uliorudi kutetemeka. Springi ilikuwa mfukoni mwa daktari. Kesho ilikuwa Jumamosi. Taratibu akakikunja kile kitambaa safi cha benchi, akakikunjua tena, na kukaa kwenye kiti cha binti yake cha ukutani, akiwa ameelekeza sikio barabarani.